Jibu: Albamu ya gitaa ya kuanzia kabla ya Mahavishnu Orchestra

Mkuu, umeuliza uanze na albamu ipi ya gitaa kabla hujaingia kwa Mahavishnu Orchestra, bendi ya jazz-rock ya mpiga gitaa John McLaughlin. Anza na Spaces ya mpiga gitaa Larry Coryell, iliyotolewa na kampuni ya Vanguard mwaka 1970. Coryell kamwita McLaughlin wapige naye gitaa, besi kampa Miroslav Vitous, dramu kashika Billy Cobham. McLaughlin na Cobham ndio hao hao utakaowakuta Mahavishnu mwaka 1971, kwa hiyo hapa unawasikia kabla moto haujawaka sawasawa.

Usikimbilie nyimbo zenye kishindo. Nenda Rene's Theme, utunzi wa Mbelgiji René Thomas: magitaa makavu (yasiyo ya umeme) mawili tu, hakuna dramu, hakuna besi. Mmoja anakandamiza kodi (noti kadhaa kwa pamoja), mwenzake anamwaga solo, kisha wanapokezana bila kupoteza mwendo hata kidogo. Vaa hedifoni usikie nyuzi zinavyogonga mbao. Mimi huo wimbo huurudia mara tatu kabla sijaendelea.

Mpiga piano Chick Corea naye yumo, kwenye wimbo wa Chris, na piano ya umeme. Vitous anapotumia upinde kwenye besi, tega sikio, ni kama mtu analia chumba cha pili.