Paukwa bila pakawa

SWALI: Husimulia ngano peke yangu katika mkahawa mmoja Westlands. Nikisema "Paukwa!" watu wazima hunitazama tu, na hadithi ya dakika 20 huwachosha. Nakosea wapi? – Msimulizi, Nairobi

JIBU: Mtu mzima haogopi hadithi, anaogopa kuonekana mtoto mbele ya wenzake. Basi usirushe "Paukwa!" ukumbi ukiwa bado na kelele za vikombe. Simama kimya hadi wakutazame, waambie kwa sauti ya kawaida kwamba jibu ni "Pakawa!", kisha ita mara 2. Ya kwanza itakuwa hafifu, usiwakemee. Na taa za upande wao zisizimwe kabisa, maana mtu asiyeonana na jirani yake haitikii.

Urefu: anza na dakika 10 au 12. Usikariri neno kwa neno, kwani ukisahau moja, yote yanakwama. Kariri matukio 6 au 7 kwa mpangilio, sentensi ya kwanza, ya mwisho, na wimbo. Wimbo uwe wa mstari mmoja, uwafundishe kabla ya hadithi, si katikati wakati zimwi liko mlangoni.

Sauti nyembamba ya Sungura iache shuleni. Mtofautishe na Fisi kwa kasi ya maneno na upande unaotazama: Sungura kushoto, haraka, Fisi kulia, akivuta maneno. Ukichanganya pande, wasikilizaji hupotea.

Funzo nalo usilitaje. Watalibishania wenyewe wakisubiri matatu.