Re: Mradi wa maadili ya mazingira, mfadhili anataka "jinsia", tunaanzia wapi?

Mkuu umeuliza kama kuandika kwenye andiko "nusu ya wahojiwa wawe wanawake" inatosha. Haitoshi, na mi nimejifunza kwa aibu.

Nilikuwa msaidizi wa utafiti kusini mwa Unguja, kijiji cha pweza na mwani. Mada ilikuwa haki kwenye kufunga mwamba, yani wanakijiji wanakubaliana sehemu isivuliwe miezi mitatu hivi, pweza si anakua haraka, wakifungua wanakuta wakubwa. Tukaitisha kikao kupitia kwa sheha (kiongozi wa serikali wa pale kijijini) saa nne asubuhi, wanaume wamejaa, wanawake saba nyuma kimyaa, tukaandika "jamii imeridhia". Kumbe ilikuwa bamvua, yani siku ambazo maji yanajaa sana na kukupwa sana, na kule bamvua saa nne ndo maji yamekupwa kabisa, kwa hiyo wanawake wenyewe wa mwamba wako pwani wanachokoa pweza na wengine kwenye mwani. Jioni bi mkubwa mmoja akanambia tu, "mwanangu, mmekuja siku ya maji". Nilitamani ardhi inimeze.

Na dodoso nalo lilikuwa bovu. Swali la kwanza "Je, wewe ni mvuvi?" Mama ameshika pweza wawili mkononi anajibu hapana, mvuvi ni mume wangu! Kwao mvuvi ni wa chomboni, yeye "anaenda pwani". Tukabadilisha: bamvua iliyopita nani humu ndani alienda pwani, alirudi na nini, kipi kililiwa kipi kiliuzwa, hela alishika nani. Hapo ndo mambo yakafunguka. Mwamba uliofungwa ni ule wa karibu, unaofikika kwa miguu, wakati mwanaume mwenye ngalawa na miwani ya kuzamia anaenda zake mbali. Sasa hilo ndo swali la maadili lenyewe, nani anafunga mkanda ili pweza wakue, na sisi tulikuwa karibu tulikose.

Kwa hiyo kwenye mafunzo ya timu yako usijaze slaidi za tafsiri ya jinsia, watu wanasinzia. Wape dodoso lenu walijaribu kwa mama zao au shangazi zao kwanza. Vikao pangeni maji mafu, yani siku ambazo maji hayakupwi sana, uliza wenyeji. Na ridhaa ya sheha isihesabike ndo ridhaa ya mama, aulizwe mwenyewe, ikiwezekana na mtafiti dada mwenzie, bila mume pembeni anamjibia (hii ya kujibiwa utaikuta sana).

Bajeti ya siku za ziada iweke mapema, sisi tulirudia kikao kwa nauli zetu.