Seva kujizima na siriali kutoa herufi za ajabu

Ndugu yangu, umeuliza kuhusu seva kujizima stima ikiyumba na siriali (kebo ya kuongea na seva moja kwa moja kutoka kompyuta yako) kuleta herufi za ajabu, mimi naona ni shida mbili tofauti, usizichanganye. Ya kujizima, chomoa pawa saplai (kisanduku kinachoilisha seva stima) uangalie pini zake, hapa Mombasa chumvi ya bahari hula shaba mpaka yageuka kijani, na kama pawa saplai ziko mbili usizichomeke zote kwa yupiesi (betri ya akiba) moja, sasa hiyo ya pili ni ya urembo? Ila usiifungue ndani, kapasita (kifaa cha ndani kinachohifadhi stima) hubaki na moto wa stima hata ushachomoa. Siriali nayo mara nyingi ni spidi hazilingani, wewe umeweka 9600 (biti kwa sekunde) kwa kompyuta yako na seva huenda iko 115200. Skrini ikiwa tupu kabisa ndio ushuku kebo, kompyuta kwa kompyuta pini 2 na 3 za kebo (ya kutuma na ya kupokea) lazima zipishane.