Kwa nini tunamwelewa Tom bila maneno

Umeuliza imekuwaje Tom na Jerry, yule paka na panya wa katuni, ni nadra sana kuongea, na bado hata mtoto mdogo anafuata kisa mwanzo mpaka mwisho. Muziki ndio unaosimulia. Katika zile katuni zao za zamani za MGM, studio ya filamu ya Marekani, za 1940 hadi 1958, mtunzi mkuu alikuwa Scott Bradley, na kazi yake haikuwa kubandika wimbo wowote juu ya picha. Mwendo ulipangwa kwa mapigo ya muziki tangu kabla ya kuchorwa. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Ukiweka pigo kila baada ya picha 12, unapata mapigo 120 kwa dakika, na mchoraji anajua hasa unyayo utue kwenye picha ipi.

Msikilize Tom akinyata: nyuzi za fidla zinadonolewa kwa kidole, mdono mmoja kwa kila hatua. Akisimama, nazo kimya. Halafu kikaango kinamshukia, na mlio wake ndio unaoupa mchoro uzito wa chuma. Zima sauti uone pigo linavyokuwa jepesi! Lile yowe lake nalo ni la William Hanna mwenyewe, mmoja wa waongozaji.

Tafuta katuni yao The Cat Concerto, iliyoshinda Oscar. Tom anapiga piano kipande cha mtunzi Liszt, na vidole vyake vinafuata noti kweli kweli. Kwangu hicho ndicho kilele cha kazi yao, maana humo muziki ndio kisa chenyewe: Jerry yuko ndani ya piano, na nyundo zinamrusharusha.