Mwanafunzi wa udaktari afundishwe rufaa kutokea zahanati

Kwa miaka ambayo nimesimamia wanafunzi wa udaktari katika mafunzo kwa vitendo kwenye vijiji vya Bahi, Chamwino na Chemba, nimezidi kuamini kwamba jambo tunalolifundisha vibaya kuliko yote ni rufaa. Mwanafunzi anayemaliza muda wake mwingi katika hospitali kubwa za Dodoma mjini, ambako siku hizi hata figo hupandikizwa, humwona mgonjwa akishushwa kwenye gari, lakini ni nadra kumwona akipakiwa. Matokeo yake huhitimu akiwa hodari wa kulalamika kwamba mgonjwa alicheleweshwa huko zahanati, bila kujua ucheleweshaji wenyewe hutokana na nini.

Kwa walimu wenzangu nashauri mwanafunzi apelekwe zahanati mapema, akae chini ya tabibu au muuguzi mkunga, na kazi yake kuu iwe kujifunza nani atibiwe hapo hapo, nani aondoke sasa hivi, na afanyiwe nini kabla ya kuondoka. Hilo la mwisho ndilo zito. Chukua mama mwenye ujauzito wa miezi minane, shinikizo la damu 170/115, protini kwenye mkojo, kichwa kinamuuma na anaona ukungu. Mwezi wa Februari korongo likijaa, njia ya kwenda mjini inaweza kufungwa kwa saa kadhaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza apewe kwanza dozi ya kuanzia ya magneziamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, gramu 4 mshipani polepole na gramu 5 kwenye msuli wa kila tako, na mshipa usipopatikana apewe zile gramu 10 za msuli peke yake, kisha asafirishwe. Wanafunzi wengi wanaijua dozi hiyo kwa ajili ya mtihani, lakini ukiwauliza gari linaitwaje, wananyamaza. Namba ni 115, haina malipo, na m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, hutafuta gari la wagonjwa au, likikosekana, dereva wa jamii aliye karibu.

Kisha ije fomu ya rufaa, karatasi anayokwenda nayo mgonjwa. Nimewahi kumpokea mama wa namna hii akiwa na karatasi isemayo tu, "Presha juu, apelekwe hospitali." Dawa haikutajwa, wala saa. Anayempokea hubaki na njia mbili mbaya: kurudia dawa ambayo ikizidi huzuia pumzi, au kusubiri huku kifafa cha mimba kikikaribia. Fomu inayofaa haihitaji ufasaha. Ionyeshe saa aliyoonwa, presha, dozi, njia na saa ya kila sindano, mapigo ya moyo wa mtoto, mkojo na pumzi. Hapo hospitali itajua kwamba dozi inayofuata ni baada ya saa 4, na itolewe tu kama mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, mguu unaruka goti likigongwa, na mkojo haujapungua chini ya mililita 30 kwa saa.

Safari nyingi hukwama nyumbani kabla ya kukwama barabarani. Mume yuko machungani, mbuzi hajauzwa, na mama mkwe anayezungumza Kigogo hajaelewa kwa nini mtu anayetembea mwenyewe apelekwe mjini. Mwanafunzi wa kutoka Mbeya amtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii amtafsirie, asimtumie shemeji, kwani yapo maswali ambayo mwanamke hatayajibu mbele ya shemeji. (Salamu ya "mbukwa" ijulikane kabla ya stetoskopu kuvaliwa, hiyo siiiti ushauri, ni adabu.)

Vyuo navyo viitie fomu ya rufaa kwenye mtihani wa vitendo na kuipa alama kama vinavyoipa historia ya mgonjwa, na mwanafunzi aliyeko wodini apewe jukumu la kupiga simu zahanati siku inayofuata, amweleze mganga mfawidhi mgonjwa wake alikutwa na nini, alitibiwaje, na kitu gani kilikosekana kwenye ile karatasi.