Mnaoanza kurekodi nyimbo vijijini, mjueni kwanza Sidney Robertson

Wadogo zangu, nimesikiliza mafaili mliyoleta msimu huu na sauti ziko safi, hongereni sana, ila nikifungua folda sikuti jina la mwimbaji, sikuti kijiji, sijui aliimba akiwa jikoni au shambani, nakuta tu "ngoma_final2". Jamani! Kila kundi jipya linaingia na kosa hilohilo. Kwa hiyo leo nawaletea mwanamke aliyekusanya nyimbo za watu kule Marekani, ambaye kwenye mafunzo yetu hatajwi kabisa, tunaimbiwa tu akina Lomax, John na Alan, baba na mwana, wakusanyaji maarufu wa nyimbo wa hukohuko Marekani.

Sidney Robertson alizaliwa San Francisco mwaka 1903. Mwaka 1936 alikuwa anafanya kazi chini ya mtaalamu wa muziki Charles Seeger kwenye idara moja ya serikali ya Marekani, akaenda na John Lomax North Carolina kurekodi, baadaye akawa anazunguka mwenyewe na gari lake. Mwaka 1938 akaanzisha mradi wake California ya kaskazini, hela za WPA, ule mpango wa serikali wa kuwapa watu ajira wakati uchumi umeanguka, na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley kikamdhamini. Mpaka mradi unafungwa 1940 walikuwa na saa 35 za muziki, lugha 12, wanamuziki 185. Halafu 1941 akaolewa na mtunzi wa muziki Henry Cowell, basi wengi wakimtaja ni "mke wa Cowell". Inaniuma kwa kweli, maana kazi yote hiyo aliifanya kabla ya ndoa. Sasa haya ndiyo nataka myashike, mengine nimeyachota kwake, mengine kwenye makosa yetu wenyewe.

1. Rekodi aliyepo. Kila mwaka lazima mtu aniombe nauli ya kwenda mbaliii kutafuta "wazee wa asili kabisa", na huku jirani yake pale mjini ni manju aliyehama na ngoma yake nzima kichwani. Enzi za Sidney wakusanyaji wengi walikuwa wanapanda milimani kutafuta nyimbo za zamani za Kiingereza, yeye akaenda kwa wahamiaji, Waarmenia wa Fresno, Wareno waliotoka visiwa vya Azores, Warusi wa dhehebu la Molokan pale Potrero Hill, ndani ya San Francisco kwenyewe. Aliwahesabu wote hao kuwa ni watu wa California na nyimbo zao ni za California. Kwa miaka ile huo ulikuwa uamuzi mzito, na mi naona ndio unaomfanya awe mbele ya wenzake.

2. Fuata ukoo, usifuate ramani. Kuna familia ya Ford na Walker ya Crandon, Wisconsin, watu wenye nyimbo za wakata magogo. Sidney aliwarekodi kwao, halafu 1938 akamkuta Warde Ford wa familia hiyohiyo California, kule lilikokuwa linajengwa bwawa la Shasta, akamrekodi na huko. Wimbo unahama na mwenyewe, kwa hiyo ukiambiwa "shangazi ndio anaujua vizuri ila yuko Geita", andika namba ya shangazi papo hapo.

3. Usizime rekoda mtu anapoongea. Hapa nitakaa kidogo.

Tulikuwa Ukerewe, mimi ndiye nimeshika rekoda, bibi mmoja anatuimbia nyimbo za kutwangia. Kila akimaliza wimbo anaanza kueleza, huu nilifundishwa na fulani, huu tuliuimba mwaka wa njaa, huu mstari unamsema mtu. Na mimi kila akianza kueleza nabonyeza stopu, naokoa betri, naona nimekuja kuchukua nyimbo, maelezo nitayaandika jioni. Jioni nimechoka, nikaandika mistari miwili. Bibi akafariki kabla hatujarudi. Tulipokaa kutafsiri tukakwama kwenye ubeti mmoja, mjukuu wake mwenyewe akausikiliza mara kadhaa akasema bibi hapa anamsema mtu, lakini simjui. Na kwenye faili unasikia kabisa, wimbo unaisha, bibi anacheka kidogo, anasema "sasa huyu bwana...", halafu tik. Mimi huyo nimebonyeza. Jibu lilikuwa linatoka mdomoni mwake nikalikata, na hakuna mtu mwingine wa kumuuliza.

Sidney alikuwa anarekodi kwenye sahani za asiteti, kama santuri zenye utando laini juu, upande mmoja ni dakika chache tu, sindano inachonga huku uzi wa ule utando unatoka na lazima uupanguse usijikunje chini ya sindano, na ule uzi unashika moto kirahisi. Yeye alikuwa na sababu ya kubana, lakini mradi wake ukaacha picha za wanamuziki, maelezo ya maandishi, hadi michoro ya ala yenye vipimo, kiasi kwamba fundi anaweza kukaa akaichonga upya. Wewe una kadi ya GB 64 na powabenki, unazima ya nini?

4. Anza kila faili kwa kusema kwa sauti jina la mwimbaji, mahali na tarehe.

5. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha ya mwimbaji, sio kusainishwa haraka haraka watu wakiwa wanasubiri chakula.

6. Wimbo uleule ukiimbwa na watu wawili, chukua wote wawili.

7. Nakala moja ibaki kwa familia, kwenye simu zao au flashi, kabla hujapanda gari.

Rekodi za Sidney za California ziko Maktaba ya Bunge la Marekani na mtandaoni unasikiliza bure. Anzeni na Waarmenia wa Fresno, na kabla ya kubonyeza sauti someni kwanza maelezo yaliyowekwa pamoja nayo.