Jibu kwa mleta mada wa kihamba: hiyo meseji usiitume usiku huu

Mleta mada pole kwa msiba wa mzee na kwa haya yaliyofuata. Kwa waliochelewa uzi, jamaa ni mtoto wa kati, anakaa Arusha, mzee wao kafariki na sasa kaka mkubwa kang'oa masale, ile mimea ya kuweka mpaka, kule kihambani Machame (shamba la urithi la familia), kasogeza migomba yake upande wa mdogo wake, na mdogo mtu ameshaandika meseji ndefu ya kumwaga usiku huu kwenye grupu la ukoo la WhatsApp halafu kaapa Desemba hapandi nyumbani. Nusu ya wachangiaji wanasema weka hisia pembeni tumia akili, nusu wanasema mlipue.

Mi sikubaliani na nusu zote mbili aisee. Nitaeleza kwa kazi yangu maana ndo ninayoijua, naongoza wageni mlimani Kilimanjaro, niko hapa Moshi, nilianza kama mgumu nabeba mizigo kichwani kabla ya kupata leseni.

Usiku wa samiti, yaani wa kupanda kileleni, tunatoka kempu ya Barafu, kama mita 4,670, saa sita usiku hivi, tunakitafuta kilele cha Uhuru mita 5,895. Hewa ya kule oksijeni unayoipata ni kama nusu ya ile ya baharini, na kichwa cha mtu hakifanyi kazi kama huku chini, ubaya ni kwamba mwenyewe ndo wa mwisho kujua. Kuna mzee mmoja Mzungu, mstaafu, alikuwa anapanda kwa ajili ya mke wake aliyefariki, picha yake kaiweka mfuko wa ndani wa koti. Tumepita mita 5,000 nikaona anakanyaga kama mtu aliyetoka kilabu cha mbege, fimbo moja imemdondoka wala hana habari. Nikamsimamisha, nikamwambia apige hatua kwenye mstari, kisigino kigusane na vidole vya mguu wa nyuma, akashindwa, akaegemea jiwe. Mtu akifika hapo unahesabu kwamba ubongo umeanza kuvimba, kuna dawa na kuna mtungi wa oksijeni vinasaidia lakini tiba yenyewe ni kushuka, na kushuka ni sasa hivi sio baada ya kupumzika kidogo.

Akalia. Akatukana. Akatoa hela mfukoni, noti za dola, ananisukumia mkononi kwenye glavu. Na mimi sio chuma, nilimwonea huruma kwelikweli, na tipu nayo usinidanganye kwamba mtu haifikirii, ada za watoto zinakaribia na mgeni aliyefika kileleni na mgeni aliyegeuzwa njiani hawatoi sawa. Sasa kilichosaidia pale sio kwamba mimi nina busara sana, ni kwamba mchana wake pale kempu, jua linawaka, keshakunywa supu, nilikaa naye nikamwambia babu leo usiku ukianza kuyumba naamua mimi hata ukinitukana, akacheka akakubali tukapeana mkono. Kwa hiyo kule juu gizani sikuwa naamua kitu, nilikuwa natekeleza tulichokubaliana wote tukiwa na akili zetu. Msaidizi wangu akaendelea na wengine, mimi na mgumu mmoja tukamshika huku na huku tukashuka naye, tukapitiliza Barafu hadi kempu ya Millennium, kama mita 3,800, na kulipokucha alikuwa anauliza chai iko wapi.

Lakini wale wa "weka hisia pembeni" nao wanisikilize hapa. Jioni ile oksimita, kale kakifaa ka kubana kidoleni ka kupima oksijeni, ilisoma vizuri tu na kwenye fomu kila kitu sawa, ila mimi nilishaanza kupata wasiwasi tangu tunaondoka, maana alikuwa mwongeaji njia nzima halafu ghafla kanyamaza. Huo wasiwasi ni hisia, na ni hisia iliyojengwa na kupanda sana na kuona watu wengi wakinyamaza. Ningeiweka pembeni nisingekuwa namwangalia miguu. Mgeni mmoja daktari alinisimulia tukiwa kempu ya Shira kuhusu Antonio Damasio, mtaalamu wa ubongo Mreno aliyekuwa Marekani, alikuwa na mgonjwa aliyetolewa uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo, akili ya darasani ikabaki nzima kabisa ila hisia zikapotea, basi jamaa akawa hawezi kuamua hata mambo madogo, kazi zikamshinda na ndoa ikavunjika. Yaani akili tupu nayo haifiki mbali.

Kwa hiyo mleta mada hasira yako usiizime. Inakwambia kitu cha kweli, kwamba mpaka umeguswa, na kwetu Wachaga isale sio jani la kuchezea, ndo mpaka, ndo linalopandwa makaburini, ndo hilohilo mtu anakuletea akitaka umsamehe. Aliyeling'oa anajua alichofanya (au kuna mtu kamdanganya, hilo nalo hujaliuliza). Ila hasira inajua tu kwamba kuna jambo, haijui lisemwe wapi, lini na mbele ya nani. Hayo unayapanga mchana.

Kitu kingine ambacho hamna aliyekigusa, kule kwenye posti ya pili umesema mwaka juzi ulimlipua shemeji yako kwenye grupu akanyamaza mpaka leo kwa hiyo unajua dawa inafanya kazi. Hapo ndo nilishtuka. Kuna waongozaji nawajua walimpeleka mgonjwa mpaka juu akarudi salama, basi wakatoka na somo kwamba kuyumba sio tatizo, na siku ya siku mlima ukawaonyesha. Kuna uamuzi mbovu unaoishia vizuri kwa bahati, na huo unafundisha vibaya kuliko ule ulioishia vibaya. Shemeji kunyamaza inaweza kuwa alikuogopa, inaweza kuwa alikudharau, inaweza kuwa ndo yeye anamjaza kaka yako maneno sasa hivi. Mtu akisema maisha yamemfundisha mi huwa nauliza yamekufundisha nini hasa, maana tulikuwa na mzee mmoja kazini kapanda miaka na miaka na kila safari alikuwa na maelezo yaleyale, mgeni mzembe, kampuni mbovu, hali ya hewa, basi.

Sasa cha kufanya. Hiyo meseji iache kwenye simu, usiifute, kesho mchana ukishakula isome kama imeandikwa na mtu mwingine uone ipi ni taarifa na ipi ni matusi. Jumamosi panda gari Arusha Moshi sio mbali, fika kihambani mchana na mzee mmoja anayeujua ule mpaka tangu baba yako yupo, piga picha mashimo ya masale yalipokuwa kabla hayajafukiwa. Kabla hujaondoka Arusha amua na uandike mahali, ukifika na kaka akaanza kufoka utafanya nini, mi ningeaga na kuondoka na maneno ningeyaacha kwa yule mzee. Na Desemba panda bwana, kikao cha ukoo kitakaa ukiwepo usiwepo, na usipokuwepo ataongea mmoja.

Mkishindwa kwenye ukoo, baraza la kata tangu sheria ibadilishwe 2021 linasuluhisha tu, kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko wataanza kukuuliza msimamizi wa mirathi ni nani. Hujatuambia kama mirathi ya mzee imefunguliwa mahakamani au kaka kajitangaza tu mwenyewe, hebu rudi utuambie hilo kwanza.